Buluu

Kache alikitoa mkobani saa kumi na moja alfajiri,
Kongowea, taa bado zawaka, matope yameshaamka:
kidude mfano wa kiberiti
na kadi nyembamba kama ganda la kitunguu.
"Mama Mwanamkasi, nipe jani moja tu."
Nikampa. Jani moja halinitii hasara.

Akalikatakata kwa wembe, akalitikisa kichupani,
akadondosha tone. "Tungoje dakika kumi.
Kadi ikigeuka buluu, jani safi.
Ikibaki nyeupe, lina dawa."

Nikacheka. Umri wangu wote
nyeupe ni kanzu ya Ijumaa,
nyeupe ni wali wa mgeni,
na buluu ni ile ya kufulia, naifunga kitambaani,
naichovya ndooni, ili nyeupe izidi weupe.
Leo naambiwa nyeupe ndiyo ya kuogopwa.
Halafu nikakumbuka sanda,
nikanyamaza.

Dakika kumi sokoni ni ndefu.
Kyalo kapita na mkokoteni, "Pisha, pisha, mzigo!"
Lori la nyanya la Loitokitok likarudi kinyumenyume,
nusura lipande vitunguu vya watu.
Mteja akashika fungu, akaligeuza,
akaona matundu mawili. "Hili limeliwa na wadudu."
Akaliacha.
Sikumjibu.
Miaka ishirini na miwili nauza majani mazima
na yenye matundu napeleka nyumbani.
Mdudu ndiye daktari wangu, simlipi ada:
alipokula yeye akaishi, wanangu wakala.
Kipimo hicho nilirithi kwa mama. Hakina betri.

Kadi ya jani zima: nyeupe.
Nilijua kabla haijakauka.
Namjua Mwakio, kule Wundanyi, bomba mgongoni,
akinyunyiza Jumatatu mboga ya kuvunwa Jumatano,
kwa kuwa mimi nilimpigia: "Leta upesi, bei imepanda."
Simu yangu, sauti yangu.
Hiyo kidude hakikuipima.

"Sasa pima hili," nikasema,
nikatoa kapuni jani langu la nyumbani,
limetoboka kama kofia ya viua.
Nilikuwa nimeshaandaa uso wa mshindi.

Nyeupe.

Akarudia kwa kadi nyingine. Ya tatu pia,
na kadi zenyewe ghali, amezihesabu.
Nyeupe. Nyeupe.
"Wadudu huzoea," akasema polepole, bila kunitazama.
"Ukiwapiga kila wiki, wanaobaki ni wale wasiokufa."

Huzoea.
Nikawaza sufuria yangu, tui zito, moto mdogo.
Nikawaza Tima anavyolamba mwiko,
na Shee na kifua chake cha usiku.
Sisemi ni hii. Kache mwenyewe alikataa kusema ni hii:
kidude hupima jani, hakipimi mtoto.

Nikamnyooshea kidole. "Basi nipime mimi."
Alicheka, kisha akaacha kucheka.
Ukijani umenikaa mikunjoni mwa vidole,
hautoki hata kwa ndimu.

Kumekucha. Mama mmoja wa Bombolulu
anataka fungu la shilingi thelathini.
Kadi nne zimelala juu ya mizani, nyeupe kama meno.
"Haya mazuri?" anauliza, pesa iko mkononi tayari.
Jibu hilo mdomo wangu hulitoa wenyewe,
kama mlango ulioregea bawaba.
Leo ulikwama.
"Ngoja kidogo," nikamwambia. "Naulizia."

Nikampigia Mwakio. Nyuma yake nilisikia bomba likipumua.
"Bei imepanda tena?"
"La. Nataka kujua: kutoka dawa hadi kuvuna,
wewe hungoja siku ngapi?"

Kimya.
Mama wa Bombolulu ananitazama,
Kache ananitazama,
na mimi nimesimama, simu sikioni, jani mkononi,
nakingoja kimya kile
kigeuke buluu.